Sekunde ya Verlin Stauffer

Jumatatu, 5 Februari 2024

Bodi ya shule imelikubali ombi langu. Lote — bila kuondoa hata nukta. Barua ya katibu imefika saa nne asubuhi.

Uwanja wa ndani wa mpira wa kikapu wa shule yetu utapewa jina la mchezaji mmoja, aliye bora kuliko wote waliowahi kuuchezea. Wamebaki wawili. Verlin Stauffer wa mwaka 1964, rafiki yangu tangu utotoni. Na Travon Mabry wa mwaka 2012. Travon ana pointi elfu moja mia tisa na kumi. Verlin ana elfu moja mia mbili na sita. Lakini enzi za Verlin mstari wa pointi tatu haukuwepo. Hata angetupa kutoka mlangoni, angepewa mbili. Ndiyo maana niliandika: "Haki haiwezi kutendeka iwapo watu wa enzi mbili watapimwa kwa kipimo cha enzi moja."

Sentensi hiyo niliifanyia kazi siku tatu. Sikwenda chuo. Nilifanya kazi kwenye maghala ya mahindi miaka arobaini na moja, na kamusi mbili ndizo zilizonifundisha. Leo nimeketi wima zaidi kidogo kuliko kawaida.

Jumatano, 7 Februari

Mgahawani kwa Lorna. Meza ya dirishani, wazee wanne, na Cody Lantz aliyekuja kutuchokoza. Cody ni kocha msaidizi. Alicheza timu moja na Travon.

"Wazee wangu, semeni kweli. Huyu Verlin alikuwa anakabwa na nani? Watoto wa wakulima waliotoka kukamua ng'ombe."

Verlin hakuinua macho kutoka kwenye mayai yake. "Kabla ya mechi tulikamua ng'ombe. Kwenye mechi tukamkamua babu yako."

"Travon angekuruka kichwani, mzee."

"Angeruka, sikatai. Akirudi chini, mpira uko nyavuni."

"Na vile viatu vyenu vya turubai!"

"Ndiyo uanze kujiuliza. Kwa viatu vile nilifanya vile. Wewe kwa hivyo vyako umefanya nini?"

Lorna alikuwa akimimina kahawa. "Mmoja yuko mbali huko, mwingine ngazi za kanisa zinamshinda. Kuleni, mayai yanapoa."

Tulicheka. Kisha Cody akasema — kwa wepesi, kama mtu anayeomba chumvi — kwamba maktaba imepata filamu ya fainali ya wilaya ya mwaka 1964. Ilikuwa darini kwa mpiga picha mmoja marehemu. Bodi itaionyesha uwanjani Jumamosi ya tarehe 17, watu wote wakiwepo. Kila Verlin atakapotupa, picha itasimamishwa, chaki itapigwa sakafuni mahali alipokuwa, na kikapu kitahesabiwa kwa sheria za leo.

"Si ombi lako, Mzee Orval? Kipengele cha tatu. 'Kwa ushahidi wa macho, pale utakapopatikana.'"

Ni maneno yangu. Sikujua kwamba filamu ipo.

Ijumaa, 9 Februari

Imenipasa kuliandika jambo hili, kwani sijapata kuliandika.

Fainali ile ilichezwa hapa kwetu. Mwalimu wa hesabu, ambaye ndiye aliyekuwa mtunza saa, aliugua mafua. Nikawekwa mimi, umri miaka kumi na saba. Saa ile ilikuwa na kasoro: honi haikulia yenyewe. Ilipofika sifuri, mtunza saa alipaswa kubonyeza kitufe.

Tulikuwa nyuma kwa pointi moja. Saa ikafika sifuri. Mpira ulikuwa bado mikononi mwa Verlin.

Kidole changu kilimsubiri.

Akatupa. Nikabonyeza mpira ukiwa hewani. Ukaingia.

Refa alisikiliza honi, hakuitazama saa; kwa kuwa mpira ulikuwa umetoka mkononi kabla ya honi, akakihesabu kikapu. Hakuna aliyeitazama — isipokuwa Ronnie Bascom wa Tanner Fork, timu pinzani, aliyekuwa akimkaba Verlin. Kwa miaka sitini Bascom amesema honi ilichelewa. Kwa miaka sitini mji mzima umemcheka. Hapa kwetu mtoto akishindwa mchezo na kulalamika, huambiwa, "Usiwe Bascom." Nami nimelisema. Nimemwambia binti yangu, akiwa analia.

Taji lile ndilo pekee tulilowahi kulitwaa.

Jumapili, 11 Februari

Sikwenda ibadani.

Jumatatu, 12 Februari

Maktaba. Nilimwuliza Darlene Kimmel, mkutubi, kwa namna ya juujuu, kuhusu ubora wa picha.

"Safi kabisa, Bwana Orval. Mpiga picha alikaa juu, upande wa pili. Hata saa ya ukutani unaisoma."

Nilimwuliza kama ameitazama mpaka mwisho.

"Dakika tano za mwanzo tu. Mwisho nataka niuone pamoja na watu. Si utamu wote uko mwishoni?"

Kopo la filamu lilikuwa mezani baina yetu. La bati, upana wa sahani. Simu ikaita, akaenda chumba cha nyuma. Mkono wangu ulitoka mfukoni. Niliutazama kama mkono wa mtu mwingine. Nikaurudisha.

Darlene aliporudi aliniuliza kama ninahitaji maji.

Jumanne, 13 Februari

Nimeandika ombi la kulitengua ombi. Kurasa mbili. "Mwombaji, kwa unyenyekevu, anasihi kwamba waraka wake wa awali uondolewe mezani, kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake kuzieleza." Nilimpelekea Joyce Everhart, katibu wa bodi. Alilisoma akiwa amesimama, akacheka.

"Orval, we mwenyewe si uliandika kipengele cha saba? Ombi likishapitishwa, mtu mmoja hawezi kulitengua. Hata aliyeliandika."

Nilisema ninakumbuka.

"Uliogopa watu wa Travon watalipindua, eti?"

"Ndiyo."

"Basi mlango umeufunga vizuri. Hatujawahi kupata ombi lililonyooka hivi; mwanasheria wetu alilisoma mara mbili akakosa pa kugusa. Nenda kapumzike. Na mwambie Verlin avae tai."

Nilimshukuru. Nimefika nyumbani bila kukumbuka njia niliyopita.

Alhamisi, 15 Februari

Verlin amepiga simu.

"Nimemwalika Bascom."

Nilimwuliza sababu.

"Aone kwa macho yake, yaishe. Tumezeeka, bwana. Sitaki afe ana kinyongo na mimi. Nimemwambia, kama nilikuibia, nitakulisha chakula cha mchana mpaka mmoja wetu azikwe. Unajua alichonijibu? 'Basi anza kuweka akiba, mimi mbavu za nguruwe nakula kilo.'" Alicheka mpaka akakohoa. "Upo?"

"Nipo."

"Nikuambie kitu, Orval. Lakini usikipeleke kwa Lorna. Yule kijana Travon ananishinda. Mbio, kuruka, kupiga chenga, kila kitu. Nimemtazama miaka minne pale uwanjani, mimi si kipofu. Wachague enzi yoyote, wabadilishe sheria wanavyotaka, ananishinda. Mimi nina ule mtupo mmoja. Huo hawezi kuninyang'anya."

Nilisema hapana, hawezi.

Kwa hiyo Verlin hajui. Kwa miaka yote nilikuwa na tumaini moja, la aibu, kwamba labda anajua.

Jumamosi, 17 Februari

Onyesho ni saa nane mchana. Sasa ni saa saba na nusu. Nimevaa koti.

Tangu alfajiri nimeandika ungamo. Kurasa nne. "Kwa kuzingatia udhaifu wa ujana." Nimezichana. Kurasa mbili. "Pasipo nia ya kumdhuru yeyote." Uongo — nia ilikuwepo, na ilikuwa kwenye kidole. Nimezichana pia. Imebaki kadi moja:

Saa iliisha. Nilichelewesha honi. Bascom alisema kweli.

Maneno saba. Hakuna hata moja la kujivunia.

Ningeweza kubaki nyumbani. Lakini filamu itakwenda bila mimi, na kila mtu atajisomea saa mwenyewe. Verlin ataisoma akiwa amevaa tai, mbele ya mji mzima, na kiti changu kitupu kando yake.

Pikapu ya Verlin imesimama nje. Wamo wawili. Namwona Bascom dirishani — mdogo kuliko nilivyomkumbuka, amevaa kofia ya Tanner Fork. Wanabishana. Verlin ameinua mikono miwili juu ya usukani, anamwonyesha jinsi alivyotupa. Bascom anatikisa kichwa, kisha naye anainua mikono, anamwonyesha alivyomkaba. Wanacheka.

"Orval, toka bwana. Au unaandikia bodi tena?" anaita Verlin.

Bascom ameshuka, polepole, kwa sababu ya goti. Ameushika mlango wazi. Anataka nikae katikati yao.

Kadi iko mkononi. Sijui nimpe nani kwanza.