Sechelela Alifika Gulwe

Baba,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu ungeliona usoni kabla sijasema shikamoo.

Tangu tukuzike, riwaya yako imekuwa kazi yangu ya pili. Nikitoka ofisini narudi hapa Nzuguni, nakaa kwenye meza yako na lile libuku lako zito la njaa, reli na watu waliohama na ng'ombe wao. Mchapishaji anataka kulitoa upya. Aliniuliza kama kuna la kusahihisha, nikamjibu hakuna. Nilikumbuka ulivyonifokea nilipofuta koma moja wakati nakupigia chapa: "Nusu ya maisha yangu hiyo, halafu wewe unanifutia!" Kisha ukaenda kunichemshia chai mwenyewe, kwa aibu.

Mwezi uliopita watu wa kanisa la Gulwe waliniomba niwasomee. Nikachagua pale Sechelela, yule mama anayekimbia njaa, anapokufa njiani, mtoto mgongoni, stesheni ya Gulwe ikiwa inaonekana. Watu walilia. Bibi mmoja wa mbele hakulia.

"Huyo ni bibi yangu," alisema. "Baba yako alikaa kwangu siku tatu, nikamweleza yote. Hakufa njiani. Alifika, akalima mtama, akazaa wengine. Mimi nimetoka kwa mmoja wao."

Nikasema ulikuwa unatunga hadithi.

"Najua, mwanangu. Lakini wajukuu zangu wanasoma shuleni kwamba alikufa."

Niliporudi nikapekua madaftari yako. Umeandika kwa mkono wako: *Alifika.* Halafu ukapitisha mstari juu yake.

Nilikukasirikia, Baba. Siku tatu ulikula ugali wake. Kwa nini hukurudi hata kumwambia kwamba kitabuni umemuua bibi yake?

Nimejaribu kuuandika upya ukurasa ule, mara mbili. Haukuwa wako, haukuwa wangu. Nikauacha. Sechelela wako atakufa palepale ulipomwacha. Lakini jana nimemwandikia mchapishaji kwamba mwishoni mwa kitabu kutakuwa na maelezo ya yule bibi, kwa jina lake. Akikataa, asichape. Ungenifokea, najua. Natamani ungenifokea.

Jumamosi naenda Gulwe tena. Sina nguvu, ila nitaenda. Nakuahidi nitaandika kama anavyosimulia yeye, na nitamsomea kwanza, kabla mtu mwingine yeyote hajayaona.

Pumzika, Baba.

Mwanao,
Tabitha