Pasi Ikisimama

Jumatatu, 3 Juni

Kitinda wangu ametajwa! Kuna mtu wa mbali huko anayeandika habari za muziki mtandaoni, kasema anayetaka nyimbo mpya aanzie kwenye kipindi cha binti yangu. Binti yangu! Nimemwambia aniandikie maneno hayo kwa herufi kubwa, nimeyabandika ukutani juu ya meza ya kupigia pasi. Wateja wote wayaone. Asiyevaa miwani nitamsomea mwenyewe.

Kipindi ni cha kila Jumamosi jioni. Anatangazia chumbani kwake, blanketi zimetundikwa pande zote ili mwangwi usimwaibishe. Ni soul na indie tu. Soul, kanieleza, ni kuimba kama mtu anayejikuna pale moyo unapowasha. Indie ni wale wasio na kampuni, wanajirekodi wenyewe jikoni, ndani ya gari, popote. Yeye anawasaka, anawapendekeza, watu wanawajua. Kama mkunga vile. Na sikio hilo kalitoa wapi? Si kwa marehemu baba yake, yule hata king'ora cha zimamoto hakikumwamsha.

Mtihani wa mwisho ni mimi. Ananichezea wimbo nikiwa kazini, haniambii ni wa nani. Pasi ikisimama, wimbo umepita. Pasi ikiendelea, umeanguka. Leo kijana wa gitaa mwenye mafua — pasi ilikwenda tu. Ndugu wawili wanaopiga mtungi wa maji badala ya ngoma — ilisimama penye kiitikio. Wamepita hao.

Jumatano, 5 Juni

Nimeunguza shati. Mimi!

Kitinda kanichezea mwanamke mmoja. Hana gitaa, hana kinanda, anagonga tu kitu kidogo mezani, labda kijiko. Anaimba chinichini kama aliyeegemeza mdomo ukutani. "Viatu mlangoni jozi mbili, na zote ni zako." Basi. Kaimba hivyo, na mimi nimesimama na pasi yangu hadi moshi ukanifikia puani.

Shati ni la Mpole. Yule wa ghorofa ya tatu. Jina tumempa sisi majirani, maana hajawahi kupaza sauti, na huwabebea wazee mitungi ya gesi hadi juu. Mashati meupe kila wiki. Mke wake hatoki sana. Zamani alikuwa akileta gauni moja la kijani. Siku hizi Mpole anasema mke anapenda kujipigia pasi mwenyewe. Haya.

Nikamuuliza Kitinda, huyu mwimbaji nani? Hajui. Anatuma wimbo na ujumbe: usiniulize jina, usiseme niko wapi, nipigie tu. Kitinda anamwita Sauti. Mimi nikacheka sana, kwa sababu nyuma ya wimbo kuna kitu kinakohoa mara mbili halafu kinanguruma. Kitinda alidhani ni ngoma! Nikamwambia, mwanangu, hiyo si pampu yetu ya maji? Huyu anakaa humu humu jengoni!

Kitinda hakucheka. Kanishika mkono. Mama, hili libaki kwetu wawili. Nikamwambia linakwenda nami kaburini.

Alhamisi, 6 Juni

Mpole kaja kuchukua mashati. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa. Wapi! "Usijali, Mama. Shati ni nguo tu." Ndiyo maana nasema watoto wa siku hizi si wote wamepotea.

Lakini nisingeweza kumwacha adhani nazeeka, mikono imechoka. Heshima ya kazi yangu! Nikamwambia, mwanangu, si uzembe, ni wimbo. Keti usikie kilichoniunguzisha shati. Nikamchezea kwenye simu, Kitinda alikuwa amenitumia.

Aliketi akasikiliza. Anasikiliza vizuri yule, si kama wateja wengine wanaosema "mzuri" huku wanatazama mlango. Penye viatu akatazama viatu vyake. Akasema, "Rudia, Mama." Nikarudia. "Rudia tena." Nikaona huyu kweli kaguswa! Basi nikanogewa, nikamwambia na ya pampu. Nikamwonyesha panapokohoa. Akaniuliza ulitumwa lini, saa ngapi. Nikasema ni Jumanne, mchana mchana hivi. Akatabasamu.

"Jumanne mchana," kasema. "Nikiwa kazini."

Kanishukuru. Kaacha na shati lililoungua, kasema nifanye tambara.

Jina sikulitaja. Silijui. Kwa hiyo sijasema kitu.

Jumamosi, 8 Juni

Kipindi kimewaka moto! Kitinda kamfungulia Sauti mwishoni kabisa, kasema sina la kusema, sikilizeni. Watu wanaandika hadi simu inatetemeka mezani. Wanauliza ni nani, ana nyimbo nyingine? Mmoja kaandika kuwa kaegesha gari pembeni akalia. Kuna wanaosifia ile pampu. Nitawasomea wateja wote.

Jambo jingine. Mchana fundi wa milango kapita hapa kuuliza ghorofa ya tatu ni ipi. Kabeba kitasa kipya na komeo la chuma, zito. Alipoteremka nikamtania, mmemfungia nani, simba? Kasema ajabu ni kwamba kaambiwa komeo likae upande wa nje. Kamwuliza bwana wa nyumba hiyo mara mbili. Nje, kajibiwa. Kwa sauti ya upole kabisa.

Labda ni wezi. Siku hizi wezi wengi.

Jumanne, 11 Juni

Sauti kamwandikia Kitinda. "Ndugu Mtangazaji, tafadhali futa nyimbo zangu zote. Nimeacha muziki. Pia naomba kujua ni nani wengine wanaofahamu suala hili."

Kitinda kasoma, kaweka simu chini. Mama, huyu si yeye. Sauti huandika kwa herufi ndogo, hana nukta, huniita dadangu, hunitumia picha ya kijiko. Huyu ni mtu mwingine ameshika simu yake.

Kisha akanitazama. "Mama, ulimwambia nani?"

Nikasema hakuna. Nikasema mteja mmoja tu. Nikasema ilibidi, nilimuunguzia shati.

Hakunifokea. Afadhali angefoka. Alikaa kitandani, blanketi zile zimemzunguka, akasema polepole: Sauti aliniamini nimbebe, Mama, na mimi nikamleta kwako.

Sijala leo.

Ijumaa, 14 Juni

Kitinda kapigia polisi simu jana, kawaeleza habari za Mpole na mkewe. Kaulizwa: mke mwenyewe amelalamika? Hapana. Umesikia ugomvi? Hapana, mume ni mpole. Basi dada, ukisikia kitu, piga.

Leo nikapanda mwenyewe na mashati yake, kama huduma. Komeo nimeliona kwa macho yangu. Limepakwa mafuta, linang'aa. Nikabisha. Kafungua yeye, saa za kazi, yuko nyumbani na soksi.

"Mama! Umejisumbua."

Nikamuuliza habari za mke wake. Kasafiri, kwao. Lini? Juzi. Na mizigo nani kambebea, mbona sikumwona akipita, na mimi niko mlangoni hapo chini tangu asubuhi? Kacheka kidogo. "Ulikuwa unasikiliza muziki, Mama."

Kisha kainama karibu, kama mwana anayemnong'oneza mzazi. Kasema sauti ya mke wake ni nzuri, hata yeye hapingi. Ila nyumba yenye kelele haina amani. Na nimfikishie binti yangu salamu, aache kuchimba watu.

Nimeshuka ngazi nimeshika ukuta.

Jumapili, 16 Juni. Ngazini

Naandikia magotini, mikono isikae bure.

Usiku nimewaza. Mdomo wangu ndio uliomtia mle, basi na umtoe. Tangu asubuhi nimepita mlango kwa mlango, ghorofa zote. Jamani! Tuna nyota humu jengoni na hamjui! Mke wa Mpole anaimba, dunia nzima inamuulizia, twendeni tukampongeze! Nimemsifu kama ninavyomsifu Kitinda, na zaidi. Waliokuwa wamelala wameamka. Habari ya komeo nimemwambia nesi mstaafu peke yake. Kaingia ndani, katoka na mkoba wake.

Tumepanda wengi, na watoto juu yake. Mzee wa ghorofa ya kwanza kavaa koti, anadhani ni sherehe. Kitinda kainua simu yake juu, wimbo unalia. Komeo lilikuwa limefunguliwa, kwa hiyo bwana yumo. Nikabisha, nikapiga na kigelegele.

Kafungua kidogo, kifua kimeziba mwanya. Alipotuona rangi ilimtoka. Halafu tabasamu likarudi. "Jamani, mngeniambia. Mke wangu kasafiri."

Mama wa ghorofa ya pili, anayelala chini yao, hana adabu yule, Mungu ambariki. "Kasafiri? Na jana nani alikuwa anaburuta kiti juu ya kichwa changu?"

"Ni mimi, Mama."

"Na kulia ulikuwa unalia wewe?"

Kigelegele kikakauka mdomoni. Mzee wa koti akavua kofia. Ukabaki wimbo tu kwenye simu ya Kitinda.

"Sawa," nikasema, "sisi hatuna haraka. Tutamsubiri hapa hapa arudi." Nikaketi ngazini. Nesi kaketi. Wakaketi wote. Kafunga mlango taratibu, kama anavyofanya kila kitu.

Kitinda kapigia polisi tena, safari hii jirani wa ghorofa ya pili kaichukua simu kawaeleza mwenyewe, kwa matusi. Wanakuja, wamesema. Wako njiani.

Ndani bomba limefunguliwa. Maji yanatiririka tu, hakuna anayeyafunga.

Sasa redio. Kaifungulia hadi mwisho, madirisha yanatetema.

Nesi kainuka. Kaweka sikio mlangoni, kanyanyua mkono tunyamaze, na mimi mzima nimenyamaza. Uso wake ninauona kwa pembeni. Ninazijua nyuso za watu, huja kwangu kila siku na nguo zao. Huu haujawahi kuja kwangu.

Kasema bila kugeuka: "Kitinda, watoe watoto. Nyie wanaume, njooni muuvunje mlango. Mama, weka hicho kitabu chini, unishikie mkoba —"