Kompyuta Haikuiona Kofia Yako

Mzee Nestori,

Shikamoo. Najua huitikii tena, lakini mdomo umezoea. Ni mimi Zuhura, fundi mwenzako wa nyaya, wa Ujiji. Nina hasira, na sina mwingine wa kumwambia.

Wanasema umekufa kwa uzembe wako. Uzembe! Wewe uliyekuwa unanifokea nikikanyaga hata waya usio na umeme!

Unakumbuka tulivyolaza nyaya za Etheneti pale kituo cha kupozea umeme, Gungu? Mimi nabana ncha, wewe unanishikia tochi na kunitania kwamba sisi Waha tunavuta waya kama tunavuta wavu wa dagaa, kelele tupu. Tukaziunganisha breka zote kwenye mtandao. Wakubwa wakaja, wakapiga picha, wakasema sasa mtu atawasha na kuzima laini akiwa ofisini mjini, kakaa kwenye kiti. Tukapiga makofi. Kumbe!

Kwenye kila breka kuna ufunguo mdogo. Ukiugeuza, breka haipokei amri ya mbali. Hilo nimelijua juzi, baada ya kukuzika. Wakati ule tuliambiwa tu, "Msiguse, mtafundishwa." Mafunzo yakawa Dar. Wakaenda wa ofisini, ambao hata bisibisi hawashiki. Mimi nikaambiwa nafasi zimejaa. Wewe ukaambiwa mkimbizi hatoki mkoani bila kibali, na kibali ulichoomba hakijajibiwa mpaka leo. Wanao wamezaliwa Ilagala, Kiha wanakiongea kunishinda mimi, lakini baba yao kibali hapati. Kupanda nguzo, hapo hawakukuuliza kibali.

Basi asubuhi ile ulifanya kama tulivyofanya siku zote. Ulizima breka, ukatundika kofia yako kwenye mpini, ukaenda kwenye laini. Kofia ya fundi ikiwa pale, hakuna anayegusa mpaka mwenyewe arudi aitoe. "Hata mkuu wa mkoa aje, sha, atasubiri," ulikuwa unasema, na hiyo "sha" yako ya kuita rafiki kwa lugha ya kwenu. Lakini yule wa mjini aliona kwenye kompyuta laini imezimwa, basi. Akabonyeza. Hakupiga simu. Mungu wangu, simu moja tu, Mzee!

Jana meneja kaniita. Anataka niseme kwenye kikao cha kuchunguza kifo chako kwamba ulifundishwa ule ufunguo, ukapuuza. Halafu akalainisha sauti: nafasi ya mafunzo Dar imepatikana, ni yangu. Imepatikana! Nikamwambia sisemi uongo juu ya maiti. Akanijibu nifikirie vizuri, kazi Kigoma si rahisi kupata.

Nimefikiria. Nilikuwa kwa mkeo, tunachambua maharage, mwanao mdogo akaniuliza kama ni kweli baba yake hakuwa makini. Kaambiwa shuleni. Nikatoka nje nikalia.

Kesho naingia kikaoni na mkeo ubavuni kwangu. Nitawauliza mbele yake: nani alimfundisha Nestori, na wapi? Wanitajie mtu mmoja tu. Wakinifukuza, na wanifukuze.

Pumzika, Mzee wangu, Mungu akulaze pema. Nakuahidi kwamba kabla ya kikao nitampitia mwanao, nimshike mkono, nimwambie: baba yako aliuzima umeme. Aliyeuwasha ni mtu mwingine.

Zuhura