Tangi la Fahali wa Baba

Jumatatu, 4 Machi

Leo natimiza miaka thelathini na minne ugenini. Siku tulipoondoka nyumbani wenzangu walibeba magodoro na masufuria. Mimi nilibeba tangi la mbegu za fahali wa marehemu baba. Walinicheka njia nzima.

Meneja wa shamba la maziwa kaniita. Wanafunga chumba cha uhamilishaji, cha kuwapandikiza ng'ombe mbegu, nilimofanya kazi hadi kustaafu na linamotunzwa tangi. Nitrojeni, ile baridi inayotunza mbegu, haitaletwa tena. Tangi likikauka, mbegu zimekufa — na nyumbani wa ukoo wa fahali yule wamebaki mitamba wawili tu, kwa mtoto wa mdogo wangu.

Jumanne, 5 Machi

Daktari wa mifugo kayeyusha mrija mmoja wa mbegu kwenye maji ya uvuguvugu, tone moja chini ya hadubini. Niliogopa kuangalia. Akanivuta: "Njoo bwana, mzee mwenzako anaogelea." Kweli, wanaogelea! Fahali mwenyewe alikufa mimi bado nina nywele.

Dereva wa dawa za mifugo anavuka mpaka Ijumaa. Ana nafasi ya tangi na ya mtu mmoja. Nimeshusha sanduku kabatini.

Alhamisi, 7 Machi

Nimempigia mtoto wa mdogo wangu. Furaha tele, mtamba mmoja yu karibu kupata joto la kupandwa. Nikauliza nitalala wapi. Akanieleza habari za zizi. Nikauliza tena. Nyumba yangu ina watu, akasema, na wana wajukuu waliozaliwa humo. Na rika langu? Akawataja mmoja mmoja, kila jina limetanguliwa na "marehemu".

"Baba mkubwa, fahali aje. Wewe utakuja kwa nani?"

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana yamenikata maini.

Ijumaa, 8 Machi

Tangi limeondoka alfajiri, limefungwa kamba lisilale ubavu. Dereva akanitania: babu, unaliaga kama bi harusi, si upande gari tu twende? Nikamfungia mlango wa gari.

Saa kumi jioni — simu ya dereva kutoka mpakani. Askari wanataka mirija yote itolewe nje ihesabiwe. Kwa joto lile! Nimeomba kuzungumza na mkubwa wao. Nimemsihi: afande, ukiitoa umeiua. Anasikiliza, sijui kama anaelewa. Kauliza mbona mwenye mali hakuisindikiza, au atafuata nyuma?

Nimemjibu: mimi sirudi.

Kaniambia nisubiri. Nasubiri, simu sikioni.