Sauti nzuri ya komunike

Zaina mjukuu wangu,

Salamu kutoka Kamembe. Maman yako yuko muzima na batoto banakusalimia. Mimi kifua kinakataa kusema, ndiyo maana naandika.

Unauliza kazi ya redio inaanzaje. Mimi nilianzia Bukavu, kusoma komunike, matangazo ya vifo zenye familia zilikuwa zinaleta kwenye karatasi. Siku ya kwanza niliwaza sauti tu. Jina la mjomba wangu lilikuwa humo. Nikalisoma bila kulisikia, na shefu akanisifu. Kufika nyumbani, nikakuta Maman yangu amekaa chini mbele ya redio.

"Umesoma kaka yangu kama muntu usiyemujua," akasema.

Wewe anza kwa kusoma majina kimya. Mimi nilichelewa kujua hivyo. Maman yangu alipokufa, komunike yake pia niliisoma mimi, na sauti haikutetemeka hata kidogo.

Babu yako