Gari la Baba Tulilogawana Kama Nguo

Hoteli ya Nakhumicha,
Karibu na kituo cha malori,
Mai Mahiu.
14 Oktoba 2025

Mpendwa ndugu yangu Khaemba,

Salamu kutoka huku chini ya mteremko, ambako vumbi la malori bado lipo na sisi pia bado tupo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Wangechi na watoto. Baridi ya huko ng'ambo Kalgari imeshaanza kuuma? Mgongo wako je? Mimi goti la kushoto linanisumbua nikipanda ngazi, na kwa kuwa hoteli yangu haina ngazi, namshukuru Mungu. Binti yangu Celestine ni mzima na anakusalimu, ingawa salamu zake zina neno ndani yake, utalisoma mbele. Mama yuko Ndabibi, anakula, analala na anakosoa uji wa kila mtu.

Najua utashangaa kupata karatasi kutoka kwa mtu mwenye simu. Simu umezizoea. Nikigusa jambo usilolipenda unasema mtandao ni mbaya, kisha unatulia tuli kama picha, huku pazia nyuma yako likipepea. Barua haina kitufe chekundu, ndugu yangu. Kaa chini usome.

Jambo la kwanza ni macho ya Mama. Ile presha ya macho imefika mwisho wake. Daktari wa Nakuru alituambia bila kuzunguka kwamba jicho la kulia limekwisha, na la kushoto linaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Mpaka Krismasi litaendelea kuona. Baada ya hapo hakuahidi kitu. Tulipotoka nilimuuliza Mama angependa kuona nini, nikidhani atasema Bungoma, au wajukuu wake wa huko kwako. Akasimama pale kwa ngazi ya hospitali, akasema, "Nataka kuona gari ya baba yenu ikiwa nzima. Si vile mliifanya."

Vile tuliifanya. Nakukumbusha, maana watu wakikaa mbali hujifunza kusahau vizuri. Siku ya tatu baada ya mazishi, mwaka wa 2003, ukoo ukaketi uani kugawana nguo za marehemu kama ilivyo desturi. Koti kwa huyu, viatu kwa yule, mjane ndani ya nyumba, kimya. Nguo zikaisha mapema, maana Baba alikuwa mtu wa reli mwenye suti mbili na makoti matatu, na watu wenye mikono mitupu walikuwa bado wengi. Ndipo Baba Mdogo Nyongesa akasimama, akaitazama ile Peugeot 404 iliyoegeshwa kando ya tangi la maji, akasema, "Gari pia ni nguo. Si alikuwa anaivaa kila Jumapili?"

Na ukoo mzima, wenye walimu watatu na katekista mmoja, ukaona hiyo ni hekima. Spana zikatoka. Sijawahi kuona spana namba kumi zikipatikana haraka hivyo kwa watu ambao, Baba alipokwama njiani, hawakuwahi kuwa na hata bisibisi. Walifungua milango, boneti, madigadi yanayofunika magurudumu, buti, bampa, taa. Injini waliiacha, si kwa heshima, bali kwa sababu hakuna aliyeweza kuibeba. Mama aliyaona yote hayo kupitia dirisha. Mjane haongei siku hiyo. Amenyamaza miaka ishirini na miwili, na sasa ameongea.

Kwa hivyo tangu Juni nimekuwa nikizunguka huku na huku kuokota gari. Kazi ya hotelini nimemwachia Celestine.

Nilianza na mimi mwenyewe, kwa sababu mimi si malaika. Mabinti hatukuitwa kuchagua, lakini walipokuwa wakibishania bampa mimi nilibandua kile kioo kidogo cha ndani cha kutazama nyuma, nikakitia kwenye leso. Tangu siku hiyo kimekuwa jikoni kwangu juu ya jiko, nacho kimenionyesha madereva wangapi huondoka na vijiko. Nimekirudisha mahali pake. Vijiko navyo vimeanza kupungua.

Kisha nikaenda Njoro kwa Baba Mdogo Nyongesa. Nilimkuta akiwalisha nguruwe ndani ya boneti. Ameigeuza chali, ameizungushia mawe isiyumbe, na nguruwe wanne wamejipanga kama wajumbe wa kamati. Nikamsalimia kwa heshima zote, nikamweleza habari ya macho.

"Nakhumicha," akasema, "hii kitu nilipewa na ukoo. Mbele ya watu."

"Ulijipa, Baba Mdogo. Wewe ndiye ulikuwa unagawa."

"Na hawa watakula wapi?"

"Mahali nguruwe ya watu wengine inakula."

"Hawa wamezoea hii. Ukiwabadilishia chombo wanakataa chakula. Utawakondesha bure."

Mtu aliyegawa gari la kaka yake kama shati anachunga hisia za nguruwe! Nilirudi wiki iliyofuata na nusu ya pipa niliyoombaomba kwa madereva wa malori, nikaimwagia makombo, na nguruwe wakala bila hata kuinua kichwa kumuaga mwenye nyumba. Boneti yenyewe ina mashimo. Upande mmoja umeliwa na kutu na mwingine umeliwa na nguruwe.

Kwa Senge Nafula, dada wa Baba, pale Gilgil nilikuta mlango wa mbele wa kushoto, ule wa Mama. Ndio mlango wa banda lake la kuku. Ameupaka rangi ya kijani, na asubuhi anazungusha kishikio, kioo kinashuka, anatupa mahindi ndani, anazungusha tena kioo kinapanda. Aliniita makusudi nitazame.

"Umeona? Kuku yangu ina dirisha kuliko watu wa plot za kupanga."

"Senge, huu ni mlango wa Mama. Ndio alikuwa anaegemea akienda kanisa."

"Na mimi baba yako alikuwa nani wangu? Si alikuwa kaka yangu? Sikuwahi kubebwa na hiyo gari hata siku moja. Kila Jumapili wananipita kwa barabara wananipigia honi."

Hilo sikulijua. Mwishowe alikubali kwa sharti moja: siku ya Krismasi akae kiti cha nyuma, kando ya dirisha, na kioo kishushwe watu wamwone. Nimempa. Lakini ile rangi ya kijani alikataa ikwanguliwe, eti kuku watapotea njia siku mlango ukirudi. Nikamuuliza unarudi wapi. Akanionyesha banda kwa kidole.

Madigadi ya kulia haipo tena duniani. Jamaa zetu wa Naivasha walioipata waliiuza kwa mnunuzi wa chuma chakavu kabla hata ya matanga kuvunjwa. Huenda saa hii ni sufuria ya mtu.

Basi nikaanza kutafuta nyingine, na hapo ndipo nilikutana na wataalamu. Kuna chama cha wenye magari ya zamani, wanakutana Jumapili kando ya ziwa Naivasha, kofia za bapa, kila mmoja akipangusa gari ambalo hajawahi kuliosha mwenyewe. Nilimwendea mmoja nikamuuliza kuhusu madigadi. Akaniuliza kama gari langu lina historia. Nikamwambia lina boneti ambayo imelisha nguruwe tangu mwaka wa 2003. Akatoa kalamu akaandika, ndugu yangu. Kisha akaniambia anaweza kuniunganisha na mtu wa Ufaransa. Nilimshukuru, nikaondoka kabla hajaniunganisha.

Nakuru mjini, kwa wauza mitumba ya magari, kuna mmoja anaitwa Maina. Maina ana kila kitu. Ukimwambia unataka madigadi ya ndege atakuuliza ni ya kushoto au kulia. Alinitolea madigadi ya 504, kitu ambacho hata Mama kwa jicho lake moja angekikataa.

"Hii si ya 404," nikamwambia.

"Mathe, hii ni original kabisa. Ni vile tu imetoka kwa gari ingine."

"Haiwezi kuingia."

"Itaingia. Unaikata hapa, unakunja hapa, unaongeza kabati hapa."

Kabati ni bati, nadhani. Sikungoja kujua.

Aliyeniokoa ni Ogola, fundi wa bodi anayefanyia kazi nyuma ya nyumba za zamani za reli. Baba yake na Baba walikuwa karakana moja, na huyu ndiye mtu pekee katika safari hii ambaye sijapata la kumsema. Haongei. Ukimuuliza atamaliza lini, anapiga nyundo. Alichukua kipimo cha madigadi ya kushoto kwa karatasi ya saruji, akaigeuza karatasi ikawa ya kulia, akaweka bati tambarare juu ya mfuko wa mchanga, akaanza kuligonga kwa nyundo ya mti, taratibu, siku sita. Lile bati lilivimba likajikunja mpaka likawa bega. Nililia kidogo. Nikamwambia ni moshi wa kuchomelea. Akasema neno lake la pekee kwa wiki hiyo: "Sijawasha."

Kwa hivyo gari linasimama, Khaemba. Lina rangi tatu na viraka kama suruali ya kuchungia, lakini linasimama, na injini inakohoa na kuitika. Jumamosi iliyopita Ogola alilivuta mpaka Ndabibi ili Mama alikague, maana kwa Mama hakuna kitu kinachokwisha bila yeye kukikagua.

Alilizunguka kwa mkono. Jicho lile moja analiweka karibu sana na bati, halafu mkono unathibitisha. Akagusa buti, akasema hapa pana mchanga, pigeni tena msasa. Akagusa mlango wake, akacheka kwamba unanuka kuku. Akagusa bega jipya la bati la Ogola, akalipapasa mpaka ukingoni. Akafika mbele, katikati ya taa mbili, akapeleka mkono, na mkono ukaingia ndani hadi kwenye kiwiko.

"Na hapa?" akauliza.

Sasa tumefika kwako.

Wewe ndiye kifungua mimba wa kiume, ulichagua wa kwanza. Kila mtu alidhani utachukua usukani. Ulichukua grili, ule wavu wa mbele wenye nembo ya simba katikati, ukaufunga ndani ya suti ya kijivu ya Baba, kwa hivyo ulichukua viwili, ukapanda ndege. Sikukulaumu. Nilijiambia angalau hatachomea kuku juu yake.

Lakini Krismasi iliyopita, Celestine alipokupigia video, simba alikuwa ukutani nyuma ya kichwa chako, amezungushiwa taa ndogondogo. Celestine alipiga picha, ninayo; ndilo lile neno la salamu zake. Na kabla hujajua kwamba mtoto ameshapokea simu, tulikusikia ukimweleza mgeni wako kwamba hiyo ni ya gari la baba yako, na kwamba gari lenyewe liko nyumbani Kenya, limetunzwa na familia, linatembea mpaka leo. Mgeni akasema familia yenu ni ya ajabu. Hapo alisema kweli.

Baba Mdogo ni mlafi na Senge ana donge lake, lakini hao walitumia walichochukua mchana, mbele ya watu, na nguruwe hawakudanganywa. Wewe ulitundika uso wa gari ukutani, kisha ukausifia mwili ambao ulikuwa umekatwakatwa, nawe ulikuwepo ukishika spana namba kumi na tatu. Nakumbuka namba.

Hata hivyo nimeamua kukusaidia usiwe mwongo. Gari limetunzwa. Linakaribia kutembea. Limebaki kuwa na uso.

Anayekuletea barua hii ni Joan, binti wa jirani yangu, anakuja huko kumtembelea dada yake. Nimemwambia asikuachie mlangoni, asimame mpaka umalize kusoma. Kwa hivyo wakati huu amesimama mbele yako, na ameshika mfuko wa turubai la lori. Niliushona mwenyewe. Kipimo nimekitoa kwenye lile tundu ambalo mkono wa Mama uliingia, nikaongeza blanketi pande zote ili simba asikwaruzwe. Joan anarudi Jumatatu tarehe 8 Desemba, na shirika la ndege limekubali mzigo wa urefu huo. Tumeuliza mara mbili. Suti unaweza kubaki nayo.

Usidhani Mama amekulalamikia. Alipouliza "Na hapa?" nilimwambia, "Hapo ni Khaemba." Nilikuwa tayari kuongeza mengine, unanijua. Lakini akautoa mkono, akajipangusa kwa leso, akatabasamu kwa upande wenye jicho. "Ah," akasema. "Basi hapo hakuna shida. Khaemba amenitunzia."

Neno hilo sikuligusa. Nimelikunja hivyo hivyo nikakutumia.

Nisalimie Wangechi, ambaye sina ubaya naye, na mwambie ukuta utapendeza na kalenda. Wasalimie watoto, waambie nyanya yao anawajua kwa sauti. Senge anakusalimu, Baba Mdogo anakusalimu na anauliza kama huko kuna vyombo vizuri vya nguruwe. Ogola hajasema kitu. Mungu aliyekushika usiteleze kwenye barafu miaka yote hiyo akushike na kwenye hili, akufungulie mkono na mlango.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata mtandao ukiwa mbaya,

Nakhumicha

Tena: mpe Joan chai, amesimama sana. Chokoleti usitume. Mfuko umepimwa, hauna nafasi.