Kuku wa Lebo za Rosebella

Jumanne, 10 Septemba 2024
Rosebella amekuja dukani kwangu kuchapisha. Anataka lebo mpya za karanga yake ya kusaga — tarehe, uzito, namba ya bechi, vyote vibadilike kila wiki bila kuchora upya. Kiolezo tu! Nimemwambia ni rahisi. Ila kuku wa kwenye lebo abaki, akasema, yule aliyechorwa na marehemu mzee wako. Kule Tororo, ng'ambo ya mpaka, hakuna anayesoma jina, wanaitisha "ya kuku".

Kuku wa Baba! Nilikuwa namshikia mkebe wa rangi hapa hapa Malaba, yeye akiandika vibao vya maduka na kupiga mluzi. Harufu ya tapentaini bado hunitoa machozi.

Alhamisi, 12 Septemba
Nimeskani lebo ya zamani, kompyuta ikamsafisha kuku: shingo imenyooka, miguu sawasawa, mkia kama umechanwa kwa kitana. Kapendeza, jamani! Nikajisifu peke yangu. Rosebella akabeba lebo mpya.

Jumamosi, 14 Septemba
Katoni zote zimerudi! Wenye maduka ng'ambo wamesema hiyo ni feki, kuku wao amepinda shingo, anaangalia nyuma. Rosebella karibu alie. "Dada Amongin, nirudishie kuku yangu. Kesho nisipopeleka, wanachukua ya mtu mwingine."

Nikarudi kwa lebo ya zamani. Imefifia, mistari haishikiki. Nimeiga mkono wa Baba mchana kutwa. Wapi! Nimemkumbuka mpaka nikakasirika.

Jumapili, 15 Septemba
Naandika hapa kaunta. Baada ya misa nimemleta Mama anisaidie kukumbuka. Akaangalia skrini, akacheka. Shingo hapana. Mguu hapana. Nikamwambia ukweli: naogopa nimeanza kumsahau Baba.

Akavuta karatasi, akachukua penseli. Mstari mmoja, hakuinua mkono. Kuku! Shingo imepinda, jicho lile lile la ukaidi.

Nikamuuliza amejifunzia wapi. Akasema baba yako alikuwa mtu wa herufi, wanyama walimshinda kabisa. Kuku ni wake yeye Mama. Wote, tangu wa kwanza. Mbona hukusema? Akasema hakuna aliyeuliza.

Miaka yote hii nimekuwa nikimlilia Baba kwa mkono wa Mama. Naye alikuwa jikoni, ananipikia.

Rosebella amefika, anagonga mlango, anauliza kama kuku amepatikana. Mama hata hainui kichwa. Anasema asubiri, huyu wa kwanza amenenepa mno, anachora mwingine —